Jina Juu ya Mlango

Tulimzika Mwalimu Jerusha siku ya Alhamisi, na baada ya udongo kurudishwa watu wakarudi nyumbani kwake Kitengela kula. Chakula kilikuwa kingi kuliko walaji, na jambo hilo lilinichoma. Mwanamke huyu alilisha watoto wa watu miaka na mikaka, halafu siku ya kumsindikiza mji mzima una shughuli. Nilikuwa nikipakua wali na minji huku nikinung'unika, maana mimi nikihuzunika hugombana na vyombo, ndipo jirani mmoja akaniambia kuna mama amesimama nje ya lango na amekataa kuingia. Nikachukua sahani nikamfuata. Nilimkuta mwanamke wa makamo, mrefu, amejitanda shuka jekundu juu ya sweta, mikono ameikunja. Alipokea chakula kwa adabu lakini miguu yake haikusogea. Nilimwambia karibu ndani, watu ni wachache, viti viko. Akatikisa kichwa. Akaniuliza kama mimi ndiye Wambui wa duka la vifaa vya ujenzi, niliyesoma hapa Jumamosi zamani. Nikasema ndimi. Akasema polepole, "Mimi ni Nasieku. Mdogo wa yule kijana wa mto."

 Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa mtoto wa meno ya mbele yaliyong'oka, amevaa sweta ya kaka yake inayomfika magotini, na alikuwa akitolewa nje ya lango hilohilo. Aliniambia mama yao bado yuko hai, anakaa naye Kajiado, amezeeka na anapenda kuota jua. Mama alikuwa amesikia msiba kanisani na akamtuma aje kuangalia kama ni kweli. Kama ni kweli, alitaka kumwona mtu yeyote wa darasa lile. Nikaahidi kwenda. Niliporudi ndani nilikuta nimebeba kijiko cha kupakulia mkononi wakati wote huo, na mwanangu aliponiuliza nalilia nini, nilimwambia moshi.

Jina la kaka yake Nasieku sitaliandika. Nililiandika mara ya kwanza nilipoanza sura hii, kisha nikalitoa kila mahali lilipokuwa. Sababu itakuja. Kwa sasa mwiteni yule kijana, kama mdogo wake alivyomwita.

Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la saba. Kitengela haikuwa hii ya maghorofa na foleni. Ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga, vumbi la saruji kutoka Athi River, bucha nyingi kupita kiasi, na nyumbu waliokuja hadi kwenye nyaya za uzio wetu asubuhi na kututazama tukipiga mswaki. Mwalimu Jerusha alikuwa amefundisha miaka mingi shule moja ya msingi huko mbugani, upande wa Isinya, hadi mguu ukamkatalia. Alistaafu, akanunua ploti, akajenga nyumba ya vyumba viwili na nyuma yake kibanda cha mabati cha kufugia kuku. Kuku wakafa wote kwa ugonjwa. Mtu mwingine angenunua kuku wengine. Yeye alisafisha kibanda, akapaka chokaa, akaweka mabenchi ya mbao za maboksi, akaanza kukusanya watoto siku ya Jumamosi.

Kila mzazi aliyemletea mtoto aliambiwa jambo moja langoni kabla hata ya salamu kuisha: hii si tuition. Siku hizi wazazi wa mji huu hupeleka watoto masomo ya ziada wakiwa bado na matongo machoni, warudie yaleyale waliyokaririshwa Jumatatu hadi Ijumaa, na wakirudi nyumbani wanaulizwa wamepata ngapi. Nikiwaona wakipita dukani kwangu wamebeba mifuko mikubwa kuliko migongo yao, roho huniuma. Mwalimu Jerusha hakutupa mtihani hata siku moja. Alitutoa nje na kamba tukapima ploti za majirani, tukatafuta eneo, na jirani mmoja akagundua amekatiwa kipande, ikawa kesi. Alitufanya tuhesabu nyumbu na kukisia wale wasioonekana. Alitufundisha kutengeneza sabuni. Alileta magazeti ya zamani, akampa kila mtu habari moja asome, kisha asimame na kuipinga. Mimi nilipinga kila kitu. Aliniambia nina mdomo wa wakili na akili ya mchuuzi, na mpaka leo sijui alinisifu au alinitusi.

Tulikuwa wa aina mbili pale. Sisi wa mjini, watoto wa wenye maduka, wengi wetu wazazi wametoka Murang'a na Kiambu. Na wale wa mbugani, Wamaasai, waliokuja kwa miguu asubuhi pamoja na mama zao waliokuwa wakileta maziwa kuuza mjini. Sisi tungefaulu hata bila Jumamosi. Shule zetu zilikuwa na walimu. Wao shule yao ilikuwa na walimu wawili kwa madarasa yote, na mwaka uliotangulia hakuna mtoto hata mmoja wa pale aliyepata nafasi ya sekondari. Mwalimu Jerusha alikuwa amekwenda boma kwa boma na mguu wake huo mbaya, akawaahidi akina mama kwamba mtoto atakayekaa naye kila Jumamosi hadi darasa la nane hatakosa shule. Walimwamini kwa sababu alikuwa ameishi kwao. Mama wa yule kijana alikuwa wa kwanza kukubali, na alikuwa amepanga watoto wake wote kwa foleni: huyu mkubwa aanze, Nasieku afuate akibadilisha meno, na wale wadogo nyuma yake.

Chakula cha mchana kilikuwa githeri ya mahindi na maharagwe, na parachichi, siku zote, na chai ya maziwa waliyotuachia akina mama. Wale wa mbugani walikuja pia na maziwa mala, yaliyochacha, ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Mara ya kwanza sisi wa mjini tulikunja pua. Yule kijana akanywa polepole, akifumba macho kwa makusudi, akilamba mdomo, akasema ni bora tukatae ili yeye ashibe. Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunapigania kibuyu. Alikuwa hivyo, mrefu, miguu imemzidi, anayecheka mzaha wake mwenyewe kabla ya kuumaliza. Alitaka kuwa daktari wa ng'ombe na alikwisha kuamua atajenga kliniki wapi. Alinifundisha kuinamisha kichwa mbele ya mama yake ili aniguse utosini, ndiyo salamu ya mtoto kwa mkubwa kwao. Nilikuwa najiona msichana mkubwa, nikabisha. Aliniambia ukubwa wangu utaguswa tu, hautaanguka.

Alipoanza alikuwa hasomi vizuri. Alifuata mstari kwa kidole na jasho lilimtoka. Lakini kufikia katikati ya mwaka alikuwa amefunguka, na hapo mama yake akapata raha mpya. Akishauza maziwa alikuja kumngoja, na wakiondoka alisimama mbele ya kila duka, anaonyesha kwa fimbo maandishi ya ukutani, kijana anamsomea. Bucha. Saluni. Posho mill. Mama anacheka kwa mshangao, anasonga hadi ukuta mwingine. Tulikuwa tunawachungulia kwenye uzio. Nyumbani jioni kijana alimfundisha Nasieku hayo hayo kwa mkaa juu ya debe, akajigamba kwetu kwamba mdogo wake atakuja akiwa tayari anasoma na atatuaibisha.

Dirisha la jikoni la Mwalimu lilitazamana na kibanda, na mimi nilikuwa mtoto wa kusikiliza. Kulikuwa na mama mmoja wa kanisa, Mama Grace, aliyekuja kila Jumamosi kumsaidia kupika na kumpa ushauri ambao hakuombwa. Siku moja nilimsikia akimwambia kwa upole kabisa kwamba wazazi wa mjini wanasema wale watoto wananuka moshi na wataleta viroboto, na kwamba angewatenga, awape siku yao.  Kisha Mwalimu akasema, kwa sauti ileile ya kuomba chumvi, "Chai yako inapoa, Mama Grace." Habari za kutenga hazikurudi tena.

Mvua fupi zilianza kwa kusitasita mwaka huo. Jumamosi ninayoisema, Kitengela ilikuwa kavu na jua lilikuwa kali. Tulikuwa tunapima urefu wa mnara wa maji wa jirani kwa kutumia kivuli chake: unasimamisha fimbo, unapima kivuli cha fimbo na kivuli cha mnara, unangoja, unarudia, unalinganisha. Mwalimu alifurahi siku hiyo kuliko siku zote. Alikuwa ametupa hesabu ambayo haikuwa kwenye kitabu chochote cha shule na tulikuwa tunakaribia kuipata. Akina mama wa maziwa walikwisha kutangulia nyumbani, kama walivyofanya siku nyingine wakiwa na haraka, watoto wafuate. Yule kijana alisimama akatazama upande wa Ngong kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, huko juu kumenyesha. Tungeenda."

Mwalimu naye akatazama juu. Nilimwona. Alikinga macho kwa mkono, akaliona jua, na kwa mtu wa kwetu, mtu wa milimani, mvua ni ile iliyo juu ya kichwa chako. Akasema, "Jua si hili hapa? Tumalize kivuli hiki kimoja." Hakubishana naye. Alishika fimbo mpaka kivuli kikafika alipotaka, tukapiga hesabu, jibu likakaribia sana lile la fundi aliyejenga mnara, tukapiga makofi. Ndipo wakaondoka, yule kijana na wadogo wa mbugani, anawaswaga kwa fimbo ileile ya hesabu, wanacheka.

Mto wa kuvuka kwenda kwao ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Walipofika ulikuwa na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Kijana wa kwao akivusha ng'ombe huingia kwanza peke yake, apime, ndipo aite wanyama. Alifanya hivyo. Aliwaambia wadogo wakae ukingoni, akaingia, akafika katikati, akageuka kuwaita, na maji ya mvua ya huko juu yakafika wakati huo. Watoto walimwona. Walikaa pale ukingoni wakimwita mpaka watu wazima wakaja. Alipatikana kesho yake, mbali, chini.

Mwalimu alituchukua baadhi yetu tukaenda kutoa pole pamoja na akina mama wa kanisa. Tulikaa ndani ya nyumba ya mama wa yule kijana, giza, moshi, watu wengi na hakuna anayelia kwa sauti. Mwalimu aliomba. Aliomba kwa machozi na katika maombi alimtaja kwa jina, tena na tena, Bwana mpokee fulani, Bwana fulani alikuwa mwanga wetu, kama tunavyofanya sisi, maana kwetu aliyekufa akiacha kutajwa ndipo tunasema amepotea. Sisi hata watoto tunawapa majina ya waliotangulia. Mama yake aliinuka katikati ya maombi akatoka nje. Wanawake wengine wakainamisha vichwa. Niliona nikadhani uchungu umemzidi. Mwalimu naye aliona.

Wiki kadhaa kibanda kilifungwa. Mwalimu alikonda. Kisha Ijumaa moja nilipita na kumkuta amemwita fundi wa kuandika maduka, yule aliyeandika karibu kila ukuta wa mji, naye yuko juu ya ngazi na rangi ya buluu. Alikuwa anaandika juu ya mlango wa kibanda: Darasa la, kisha jina la yule kijana, kwa herufi kubwa. Mwalimu alisimama chini akirekebisha, panda kidogo, hiyo imepinda. Uso wake ulikuwa na uhai kwa mara ya kwanza. Aliniambia kila mtoto atakayeingia hapa ataingia chini ya jina hilo, na hatasahaulika maadamu yeye anaishi. Nililia. Niliona ni jambo zuri kupita yote niliyowahi kuona mtu mzima akifanya.

Kesho yake tulikuwa tumekaa ndani, sisi wa mjini tu, Mwalimu akichungulia langoni kila dakika, ndipo mama wa yule kijana akatokea. Alikuwa na kibuyu mkononi, na mkono mwingine amemshika Nasieku. Mtoto alikuwa ameoshwa, kichwa kimenyolewa upya, amevaa ile sweta. Mwalimu alisimama, mikono mdomoni. Sote tulielewa: mama ameleta wa pili. Waliingia langoni, wakaja hadi katikati ya ua, na Nasieku akainua macho juu ya mlango akaona herufi. Alifanya alichofundishwa. Akaanza kusoma kwa sauti, silabi kwa silabi, akionyesha kwa kidole, ili mama yake asikie. Alipofika kwenye jina, mama yake alimziba mdomo kwa kiganja.

Wakasimama hivyo. Kisha mama akainama, akaweka kibuyu chini taratibu ili kisimwagike, akamgeuza mtoto kwa mabega, wakatoka. Mwalimu alimkimbilia na mguu wake ule, akimwita. Na alimwita kwa jina tulilomwita sote tangu mwanzo, jina la mama mwenye kifungua mimba, Mama fulani, Mama fulani, jina la yule kijana likipazwa barabarani mbele ya watu, na kila alivyoita, mama aliongeza mwendo. Mwalimu aliishia kwenye uzio wa bucha akashika nguzo.

Hakuna mtoto wa mbugani aliyerudi baada ya hapo. Hata mmoja. Akina mama wa maziwa walipita mbele ya nyumba na hawakusimama. Nilimsikia Mwalimu jikoni akimwambia Mama Grace, na sauti yake ilikuwa imechoka kabisa: "Wamenikataa. Na wana haki. Mtoto aliniambia twende, nikamwambia angoje." Mama Grace, ambaye sikuwahi kumpenda mpaka siku hiyo, hakumpa ushauri wowote. Alilia naye. Sisi wa mjini tuliendelea kuja hadi shule zilipofungwa, lakini hakukuwa na furaha tena, na mwaka uliofuata wazazi wetu wakatupeleka kwenye tuition ya kawaida, ya kukariri, kwa sababu darasa la nane si mchezo. Kibanda kikawa stoo.

Maandishi lakini aliyatunza. Kila mwaka jua lilipoyafifisha alimwita fundi, na yule wa kwanza alipokufa akamwita mwanawe. Nilipofungua duka, rangi alinunua kwangu. Buluu ileile. Nilimwuliza wakati mmoja, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu, kama haoni afadhali ajipumzishe sasa. Akaniambia, "Wao wasiponisamehe, angalau waone sijasahau." Alikuwa mkaidi, na mimi ninaheshimu ukaidi. Nilimfungia rangi yake kwenye gazeti nikamsindikiza hadi barabarani.

Kajiado nilikwenda wiki moja baada ya mazishi. Nasieku anakaa nyuma ya soko, nyumba safi ya mawe, chumba kimoja kimejaa mashuka na shanga anazouza. Kwenye kiti karibu na mlango, juani, alikaa mama yake. Amekuwa mdogo sana. Niliinamisha kichwa, na mvi zangu hizi, akanigusa utosini akasema takwenya, salamu yao, nikaitikia iko. Akaushika uso wangu akautazama. Nasieku alileta chai na akakaa chini kutafsiri, maana mama Kiswahili chake ni cha kuuzia maziwa tu.

Maswali yake yalikuwa ya kawaida. Aliumwa muda mrefu? Nani alimwosha? Alikuwa na watoto wa kumtunza? Nikajibu yote. Kisha nikashindwa kujizuia, mimi na mdomo wangu, nikasema kwamba Mwalimu alikufa akiamini kuwa hawakumsamehe kwa ajili ya mto. Nasieku alisita kabla ya kutafsiri. Mama aliposikia aligeuka kunitazama na niliona wazi kwamba hakuelewa. Akauliza msamaha wa nini. Mto ni mto, alisema. Wao walipoteza watu mtoni kabla ya shule kuja, na huyu alivuka alivyofundishwa na baba yake. Hakuwahi kumlaumu mwalimu, hata siku ile.

Nikauliza basi kwa nini waligeuka mlangoni. Nasieku ndiye aliyejibu, akitazama kikombe. Kwao, alisema, mtoto au kijana akifa jina lake halitajwi tena. Siku hizi wengi wa kanisa wameacha, lakini kwa mama ni vilevile. Watu wenye jina hilo katika ukoo walibadilishiwa. Mama mwenyewe tangu mazishi anaitwa Mama Nasieku, na yeyote aliyemwita lile la zamani alikuwa kama anamfungulia kidonda. Na siku ile alikuwa amemleta mtoto wa pili apite chini ya jina hilo kila Jumamosi. "Tulifikiri anajua," Nasieku alisema. "Amekaa kwetu miaka mingi, amefundisha baba zetu wadogo. Watu wote walisema amefanya makusudi, hataki watoto wetu tena. Ameziba mlango."

Mwalimu alikuwa amewajua watu hawa darasani, wakiwa hai. Hakuwahi kuomboleza nao mpaka siku ile.  Niliweka kikombe chini, nikawaambia kwamba kwetu kuandika jina ni kinyume, ni heshima kubwa, ni kumwomba radhi. Nasieku aliyatafsiri. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyosema. Mama alisikiliza bila kupepesa macho.

Kisha akaanza kusema, na Nasieku akaanza kulia kabla ya kunipa maneno. Mama alisema siku ile njia nzima alikuwa akirudia sentensi moja ya Kiswahili ili asiikosee akifika. Akaniambia sentensi hiyo yeye mwenyewe, akainyoosha vizuri: "Mwalimu, nimekuletea mwingine." Hakuipata nafasi ya kuisema. Lakini hakukata tamaa upesi. Aliendelea kuuza maziwa mjini, na kila Jumamosi alizunguka nyuma, upande wa uzio, aangalie kama limefutwa. Hakujua kusoma, lakini umbo la jina lile alilijua. Aliangalia mpaka Nasieku akamaliza darasa la nane kule kwenye shule yao na kukosa nafasi. Aliangalia mpaka wale wadogo nao wakamaliza. Kuna wakati jua lililifanya likawa hafifu sana, akasema mwezi ujao halitakuwepo, atawaleta watoto. Aliporudi alikuta limepakwa rangi mpya.

Nikamwuliza, na samahani kama niliuliza kwa ukali, kwa nini hakumtuma mtu akamwambie. Mtoto, jirani, mchungaji, mtu yeyote.

"Ningemtuma akataje nini?" akasema.

Jumamosi iliyofuata nilichukua kopo la rangi nyeupe dukani. Mpwa wa Mwalimu alinipa ruhusa na ngazi. Nasieku na mama yake walikuja na kusimama nje ya lango, mama ameshikilia fimbo, ametupa mgongo, hadi nilipomaliza mkono wa kwanza wa rangi, na wa pili, maana buluu ya miaka yote ile haikutaka kufunikwa. Nilimlilia Mwalimu juu ya ngazi ile kwa sauti na sikujali nani ananisikia. Nilikuwa nafuta kitu pekee alichokipenda, na ni mimi niliyemuuzia rangi yake. Nilipoteremka nilimwambia Nasieku tayari. Akamwambia mama. Mama aligeuka, akatazama juu ya mlango, akatazama tena, kisha akaanza kutembea. Alipita langoni, akavuka ua, akaingia kibandani.

Ndani hakuna mabenchi tena. Kuna magunia ya makaa na baiskeli mbovu. Alisimama katikati akizungusha macho kwenye kuta, akagusa mabati, akagusa mahali chokaa ilipobaki. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili chake, "Alikuwa anakaa wapi?"

Nikamwonyesha, upande unaotazamana na dirisha la jikoni. Nasieku akasukuma gunia kando. Mama akakaa pale chini sakafuni, akanyoosha miguu, akaweka fimbo mapajani, akatazama mbele, upande ambao Mwalimu alikuwa akisimama.